Sawa na Sawa: Fundisho la Kabureta Mbili

Lugha yetu ina neno moja linalobeba mizigo miwili. Tukisema "sawa", pengine tuna maana kwamba kitu hiki kimelingana na kile, hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Pengine tuna maana kwamba jambo limekuwa kama lipasavyo kuwa, halina kasoro. Mtu akigawa ndizi mbili kwa watoto wawili, husema wamepata sawa. Mtu huyo huyo akiulizwa hali ya mgonjwa wake aliyepata nafuu, hujibu kwamba sasa yu sawa. Maana mbili zimevaa kanzu moja, nasi tumezoea mno kuziona pamoja hata tukaamini kwamba ni moja. Nataka katika makala haya niivue kanzu hiyo na kuuliza: je, vitu viwili vikishalingana, ndiyo vimekuwa kama vipasavyo kuwa? Na anayegawa kwa kulinganisha, je, ametenda haki?

Swali hili si la kupitishia jioni barazani. Kwangu mimi limekuwa na gharama, na sitaweza kulijadili kwa uaminifu bila ya kuitaja gharama hiyo.

Mimi ni baba wa pacha. Walipozaliwa tuliwapa majina yetu ya nyumbani, lakini mtaa, kama ilivyo ada, uliwaita Kulwa na Doto, na majina ya mtaa ndiyo yaliyodumu. Ni wachache huku visiwani wanaokumbuka kwamba majina hayo asili yake si pwani. Ni ya Wasukuma na Wanyamwezi, ambao humwita Kulwa yule pacha anayetangulia kuzaliwa, Doto anayemfuatia, na Shija mtoto azaliwaye baada ya pacha. Basi mimi, nilipopewa Kulwa na Doto wangu, niliweka nadhiri kwamba sitampendelea mmoja juu ya mwenziwe. Nilinunua viatu jozi mbili siku moja, duka moja. Madaftari niliyahesabu. Nikimsifu mmoja, nilitafuta sababu ya kumsifu wa pili kabla ya jua kutua. Jirani zangu walinitolea mfano, nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilijiona mwadilifu.

Matokeo ya mitihani ya kidato cha nne yalipotoka, Kulwa alifaulu na Doto akaanguka. Nikawaita wote wawili, nikawapa maneno yaleyale na kiasi kilekile cha fedha, kila mmoja aanze navyo maisha. Kulwa aliendelea na masomo. Doto alipanda boti, na baadaye tukasikia kwamba amefika Kahama, mkoani Shinyanga, katika nchi ya migodi. Miaka mingi ilipita tukisalimiana kwa simu siku za sikukuu tu. Kisha siku moja akanipigia pasipo sikukuu. Alikuwa amepimwa macho. Ameambiwa kwamba tangu utotoni haoni vizuri vitu vilivyo mbali. Hakuwahi kuusoma ubao. Yote aliyoyajua ya darasani ni yale aliyosomewa na nduguye usiku, kwa mwanga wa kandili, mimi nikiwa chumba cha pili na mashairi yangu. Hakunilaumu. Alinieleza tu, kama mtu anayetoa habari ya hali ya hewa.

Nilinunua madaftari mawili mawili, na miwani iliyohitajika ilikuwa moja.

Mwaka jana nikaenda kumtazama. Nilivuka hadi Dar es Salaam, nikashika basi kupitia Dodoma, Singida na Nzega hadi Kahama, mji unaojulikana kwa mpunga, pamba, dhahabu, na malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo. Gereji anayofanyia kazi iko Nyahanga, moja ya kata za mji huo: uwanja wa udongo, mwarobaini mmoja, na magari yaliyofunguliwa vifua. Nilimkuta ameinama juu ya injini, miwani ameivaa, mkono wake mmoja umefungwa kwa waya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alinifuta tairi kuukuu kwa kitambaa nikae. "Nivumilie kidogo, nimalize kuwasikiliza hawa."

"Akina nani?"

Akaonyesha kwa bisibisi vyombo viwili vya rangi ya fedha vilivyokaa ubavuni mwa injini. "Kulwa na Doto," akasema. Kisha, akiona nimenyamaza, akaongeza: "Mafundi wote wa hapa huziita hivyo, baba. Kabureta zikiwa mbili."

Gari lilikuwa Datsun 1600 SSS, gari la mzee mmoja mstaafu wa mjini pale, ambaye alikuwa amelinunua Dar es Salaam na kulipandisha bara. Wasomaji wa umri wangu watalikumbuka jina hilo. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo mwanzoni yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyafanya magari ya aina hii yajulikane hadi vijijini. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS kama hii niliyoikuta Nyahanga. Yote yalikuwa magari ya kabureta mbili.

Kwa faida ya msomaji aliyekulia katika magari ya leo, ambayo kompyuta ndogo ndiyo hupima mafuta, nieleze kidogo. Kabureta ni mahali hewa na petroli vinapokutana kabla ya kuingia katika injini. Petroli haiungui vizuri bila kiasi chake cha hewa: kwa uzani, gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Mafuta yakizidi, injini hutoa moshi mweusi na plagi hupakwa masizi. Hewa ikizidi, injini huungua kwa joto kali na plagi huwa nyeupe kama mfupa. Ikiwa sawa, plagi hutoka na rangi ya biskuti.

Aina ya kabureta iliyokuwa katika gari lile, iliyotengenezwa Japani, inafuata muundo uliobuniwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na George Herbert Skinner, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa viatu, na kuendelezwa na kampuni yake na nduguye, Skinner Union, ambayo kwa ufupi huitwa SU. Ndani yake mna pistoni inayoinuka na kushuka kwa mvuto wa pumzi ya injini yenyewe, nayo hubeba sindano iliyochongoka inayoziba na kuzibua tundu la petroli. Inasimuliwa kwamba katika zile za kwanza, mahali pa pistoni palikuwa na mfuko wa ngozi uliopanuka na kusinyaa kama mvukuto wa mhunzi, na haishangazi kwa mtu wa ukoo wa viatu. Ama hakika ni chombo kinachopumua. Injini ya silinda nne ikipewa viwili, cha mbele hulisha silinda mbili na cha nyuma mbili. Zote mbili zikipumua kwa umoja, gari huenda kwa wepesi ambao kabureta moja haiwezi kuutoa. Zikipishana, ni heri lingekuwa na moja.

Nilikaa juu ya tairi lile karibu saa tatu. Nilidhani namsubiri mwanangu, kumbe nasomeshwa.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakuanza na kabureta. Alianza kwa kupima nafasi za valvu, akasafisha na kukagua plagi, akatazama wakati wa cheche, akapulizia petroli kidogo kidogo kwenye maungio ili ajue kama pana mahali panapoingiza hewa ya wizi. Nikamwuliza kwa nini anachelewa kuja kwenye shida yenyewe. Akasema kwamba ukianza kulinganisha vitu viwili kabla ya kujua afya ya kila kimoja, utalinganisha maradhi. Utapunguza kwa mzima ili afanane na mgonjwa, na wote wawili watakuwa sawa, na gari halitaondoka.

Nilikumbuka ubao wa darasani. Mimi nilianza kulinganisha siku waliyozaliwa.

Jambo la pili lilihusu hesabu. Chini ya kila kabureta pana nati ya kurekebishia mafuta. Ukiishusha, petroli huzidi, ukiipandisha, hupungua. Fundi huanza kwa kuzipandisha nati zote mbili hadi mwisho, kisha huzishusha kwa mizunguko ileile. Hapo, kwa hesabu, zimelingana. Mimi ningefunga boneti nikaenda kunywa kahawa. Lakini Doto aliniambia kwamba hapo ndipo kazi inapoanza. Sindano ya kabureta moja imelika kuliko ya mwenziwe kwa miaka hamsini ya kupanda na kushuka. Springi moja imechoka. Mizunguko ileile, katika vyombo viwili vilivyopita maisha tofauti, haitoi pumzi ileile.

Basi akalegeza kiungo kinachozifunga kabureta mbili zifuate kikanyagio kimoja, kila moja ikawa huru. Akawasha injini. Akachukua kipande cha mpira, ncha moja akaiweka sikioni, na ya pili akaiweka kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, kisha wa nyuma, kisha wa mbele tena. Kila kabureta hufyonza hewa kwa mlio kama wa mtu anayevuta pumzi baina ya meno. Aligeuza skrubu kwa kiasi kisichoonekana, akarudia kusikiliza, hata milio miwili ikawa mmoja.

Jambo la tatu ndilo ambalo sijaacha kulifikiria. Akishalinganisha hewa, alitaka kujua kama kila kabureta ina mafuta ya kiasi chake. Hakutumia kipimo. Aliinua pistoni ya kabureta moja kwa unene wa kama milimita moja tu, akasikiliza injini yote. Alinieleza: ukiinua na injini ikazidi mbio ikabaki hivyo, hiyo ina mafuta mengi. Ikilegea ikataka kuzima, ina mafuta machache. Ikiongeza mbio kidogo kisha ikarudi mahali pake, iache. Akafanya hivyo kwa ya pili. Kisha akarudi kwa ya kwanza, kwa sababu ukimgusa mmoja umeshambadilisha mwenziwe. Zote mbili zinalisha injini moja, na baina ya njia zao mna mfereji mwembamba unaopitisha pumzi huku na huku.

Mfereji huo ni neema na ni mtihani. Kabureta moja ikidhoofika, nyingine humsaidia mwenziwe kupitia hapo, na gari huendelea kwenda. Halinung'uniki sana. Dereva huona kwamba mambo ni sawa. "Wanaficha aibu, baba," alisema Doto bila ya kuinua macho. "Gari linaweza kwenda mwaka mzima hivyo."

Wale waliosoma usiku kwa kandili walikuwa na mfereji wao.

Na jambo la nne: gari lile, lilipokuwa Dar es Salaam, lilirekebishwa na fundi hodari, na mzee mwenye gari aliapa kwamba kabureta zilikuwa zimelingana kabisa. Doto hakubisha. Zililingana kweli. Lakini Dar es Salaam iko usawa wa bahari, na Kahama iko takriban mita 1,200 juu yake, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 11. Petroli iliyotosha pwani, huku juu imezidi. Plagi zote nne zilitoka nyeusi tititi. Hapa, basi, palikuwa na vyombo viwili vilivyolingana, na vyote viwili vilikosea. Kulingana kwao hakukuwa ushahidi wa chochote ila kulingana kwao.

Nadhani hapo kanzu ya neno letu ilivuka begani. Usawa wa kulingana ni uhusiano baina ya viwili. Usawa wa kufaa ni uhusiano baina ya kila kimoja na haja yake, mahali pake, na kazi yake. Wa kwanza unaweza kupatikana pasi na wa pili, na mgawaji akaridhika nao, kwa kuwa unaonekana kwa macho na una hesabu ya kuonyesha mbele ya mashahidi.

Sisi wapenzi wa ushairi tunaijua tofauti hii, ingawa hatukuipa jina. Tunalo neno mizani, nalo kwetu ni hesabu ya silabi. Mshororo wa tarbia aghalabu hubeba mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na kina cha kati hukaa pale kama mhimili wa mzani wa dukani. Mimi ni mtetezi wa mizani na nitabaki hivyo. Mshairi asiyeweza kuhesabu hadi nane hana haki ya kutuambia kwamba ameipita hesabu. Lakini ni nani kati yetu hajawahi kusoma ubeti uliotimia mizani zote, na vina vyote vikakaa mahali pake, na bado ubeti ukawa maiti? Ukichunguza utakuta kwamba utao ulibeba maana na ukwapi ulijazwa "ndugu zangu nawambia" ili nane zipatikane. Nusu mbili zimelingana na hazipumui pamoja. Hesabu haikudanganya, ilijibu swali ililoulizwa. Swali la pili ni la sikio, nasi hatukuliuliza.

Hata neno uadilifu, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina ndugu yake katika lugha hiyo anayetaja nusu moja ya shehena ya ngamia, ile inayoning'inia ubavu mmoja ili ikabiliane na ya ubavu wa pili. Picha hiyo ni njema, maana inatukumbusha kwamba katikati ya mizigo miwili pana mgongo wa kiumbe. Mchukuzi mwenye busara hupima mizigo kwanza, kisha humtazama ngamia akitembea.

Msomaji makini atakuwa ameshaandaa pingamizi, nami naliona kuwa pingamizi zito. Tukiiacha hesabu na kufuata sikio, tutakuwa tumemfungulia mlango kila mpendeleaji. Baba atasema kwamba mtoto huyu nampa zaidi kwa kuwa haja yake ni zaidi, kumbe ndiye anayempenda. Mtawala atasema hivyo hivyo juu ya mikoa, na tajiri juu ya vibarua wake. Na pingamizi hili lina uzito wa pekee katika nchi ile niliyokaa juu ya tairi. Mkulima wa pamba na mchimbaji mdogo wa dhahabu wanajua maana ya kusimama mbele ya mzani wa mnunuzi huku mnunuzi akisema, niamini. Humo humo Kahama uko mgodi wa Bulyanhulu, na mwaka 2020, baada ya mabishano ya miaka mitatu yaliyoanzia kwenye usafirishaji wa makinikia, Serikali na kampuni ya Barrick zilitia saini makubaliano kupitia kampuni ya pamoja iitwayo Twiga: hisa asilimia 16 kwa Serikali na 84 kwa Barrick, na manufaa ya kiuchumi kugawanywa nusu kwa nusu. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba mambo kama hayo yaachiwe sikio. Yanahitaji tarakimu, wino na mashahidi.

Nakubali yote hayo. Sikio halikuja kuiondoa hesabu. Mwanangu alihesabu mizunguko ya nati kwanza, na asingehesabu asingekuwa na mahali pa kuanzia. Hata mashindano yale ya magari yanatuonyesha mahali hesabu inapofika mwisho. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden, wote wawili wakiwa na magari ya Datsun, walimaliza Safari wakiwa wamelingana pointi. Hesabu ilikuwa imesema yake yote na haikuwa na neno jingine. Ilibidi kanuni iliyowekwa tangu mwanzo iangalie namna kila mmoja alivyosafiri, na Mehta akatangazwa mshindi. Kanuni hiyo haikuitupa hesabu. Ilianza pale hesabu ilipokoma.

Lakini kuna jibu jingine kwa pingamizi lile, nalo nililipata katika kitendo cha kuinua pistoni. Sikio la mpendeleaji na sikio la fundi hutofautiana katika jambo moja. Mpendeleaji hujisikiliza mwenyewe. Fundi huuliza, kisha hungoja jibu, na jibu likimkanusha hugeuza mkono. Yeye hagawi kwa kadiri anavyodhani kwamba kabureta inahitaji. Huigusa kidogo, akasikiliza mwili wote unasemaje. Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, aliitaja rula ya risasi waliyoitumia waashi wa kisiwa cha Lesbos, rula isiyokuwa ngumu, iliyopinda kufuata umbo la jiwe. Sisi wa visiwani, tulioinua kuta za mawe ya matumbawe yasiyo na mawili yanayofanana, hatuwezi kulishangaa wazo hilo. Rula ya aina hiyo bado ni rula. Imekubali tu kwamba jiwe nalo lina neno la kusema.

Nikijipima kwa kipimo hicho, naona kwamba kosa langu halikuwa kuhesabu madaftari. Kosa langu ni kwamba katika miaka kumi na saba sikumwuliza hata mmoja wao swali ambalo jibu lake lingeweza kubadilisha nilichokuwa nimeshakiamua. Kulinganisha kulinipunguzia kazi ya kuwajua. Ukitoa mafungu mawili yanayofanana, huhitaji kumtazama anayepokea. Ndiyo sababu usawa wa hesabu unapendeza wazazi wachovu, na pengine serikali chovu pia: unatupatia dhamiri safi kwa bei nafuu.

Kuna kilichobaki, nacho sikukitarajia. Doto alipomaliza, alikifunga tena kile kiungo kinachozifunga kabureta mbili pamoja. Kiungo hicho wao humwita Shija, kwa kuwa huja baada ya pacha. Kikifungwa mapema, alisema, hutajua kamwe ni yupi anayemvuta mwenziwe. Kisha akaniambia neno ambalo nalinukuu kama alivyolisema: "Mteja huja kulalamikia aliye dhaifu. Mimi humtazama kwanza yule aliyekuwa akimbebea. Anayebeba ndiye huchoka mapema, baba, ila yeye hapigi kelele." Akafuta mikono. "Kulwa hajambo?"

Nilimjibu kwamba hajambo. Nilipokwisha kusema, niligundua kwamba sikuwa najua. Kwa miaka mingi nilikuwa nimemlilia mtoto aliyenyimwa miwani, na sikuwahi kumfikiria yule aliyesoma masomo ya watu wawili kila usiku, kisha akaamka asubuhi kufanya mtihani wa mtu mmoja. Yeye alifaulu, kwa hiyo nilimwandika katika daftari la walio sawa.

Kabla hatujaondoka kwenda kula, Doto alinipa ule mpira. Niliuweka sikioni kwa ya mbele, kisha ya nyuma. Sikusikia tofauti yoyote, nikamwambia hivyo kwa furaha, nikidhani nimefaulu. Alicheka. "Ndiyo maana ya kuwa tayari, baba. Ungekuja asubuhi ungeisikia." Mzee mwenye gari alifika jioni, akaliwasha, likanguruma kwa utulivu ambao mafundi huuita sailensa nzuri, na plagi moja iliyotolewa baada ya mzunguko wa mjini ilikuwa na rangi ya biskuti. Mzee akauliza kama sasa ziko sawa. Mwanangu akamjibu kwamba ziko sawa kwa hapa Nyahanga. Akishuka nalo pwani, amtafute fundi wa huko azisikilize upya.

Nilikaa siku nne. Tulizungumza mambo ambayo si ya makala haya. Nilipokuwa ndani ya basi, tumeshaipita Nzega, nilimpigia simu Kulwa. Aliniuliza kama kuna tatizo, kwa kuwa hakuna sikukuu. Nikamwambia hakuna. Nikamwuliza zile kandili za usiku zilimchukua saa ngapi, na alikuwa akilala lini. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Nami sikuongeza neno. Nilibana simu sikioni, nikangoja.